Mfumo Wenye Kosa Ukatae Kuwaka: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

Nakala: Waandishi wote wa programu zinazotumika katika halmashauri, shule na vituo vya afya.

YAH: UKAGUZI WA MIPANGILIO YA MIFUMO KABLA HAIJAMFIKIA MWANANCHI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, nanyi ndugu zangu mnaoandika programu,

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na seva za zahanati binafsi, shule na vyama vya ushirika vya hapa Korogwe na vya Handeni. Nina ombi moja. Kosa la mipangilio ligunduliwe wakati mfumo unapandishwa kwenye seva, au kwa kuchelewa sana wakati mfumo unawaka. Likigunduliwa, mfumo ukatae kuwaka na useme sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kuligundua asiachiwe mama aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, mipangilio ni lile faili dogo linaloueleza mfumo uko wapi na unashirikiana na nani: anuani ya hifadhidata na nywila yake, ufunguo wa siri, saa za eneo, folda ya kuhifadhi picha, anuani ya mfumo wa malipo. Programu ya Dodoma na ya Handeni ni ile ile moja. Kinachotofautiana ni faili hilo. Ndiyo maana mwandishi wa programu huwa halioni kosa lake. Kwenye kompyuta yake kila mstari umejazwa, tena ameujaza mwenyewe miezi mingi iliyopita na ameshausahau.

Huku kwetu kosa hilo lina tabia yake. Mfumo unawaka vizuri, ukurasa wa kuingia unafunguka, karani anasajili watu asubuhi nzima. Saa nane mchana anafika wa kwanza anayehitaji namba ya malipo, na hapo tu ndipo mfumo unapoutafuta mstari wa anuani ya malipo na kukuta hauna kitu. Skrini inaandika namba ya kosa 500 na maneno ya Kiingereza. Karani anasema kile ambacho makarani wote husema: mtandao unasumbua. Wananchi wanakaa kwenye benchi kusubiri mtandao urudi, na mtandao haujaondoka. Anayeweza kusoma kumbukumbu za seva yuko mjini, na kutoka Korogwe mpaka Handeni ni karibu kilomita 65. Akiwa anahitajika Kwamsisi au Mashewa, hiyo ni safari nyingine kabisa. Nimeyaona haya kwenye zaidi ya mfumo mmoja na sitautaja wowote, kwa sababu chanzo chake ni mazoea ya uandishi yaliyoenea kote.

Najua jibu ambalo waandishi wa programu hutoa, na ni jibu la haki: ukaguzi unagharimu kasi. Tupige hesabu. Tuseme kila ombi linalofika kwenye seva linakagua mipangilio yote upya, na ukaguzi huo unachukua milisekunde 20. Ukurasa mmoja wa mapokezi unapeleka maombi 15, moja baada ya jingine. Hizo ni milisekunde 300 kwa kila ukurasa. Wagonjwa 200 wakipitishwa kurasa 6 kila mmoja, karani amesubiri sekunde 360, yaani dakika 6 kwa siku, kwa ajili ya swali ambalo jibu lake halijabadilika tangu asubuhi. Na hapo tumekagua maandishi matupu tu. Ukaguzi ukihusisha kubisha hodi kwenye seva nyingine kupitia intaneti ya simu, milisekunde 20 zinageuka sekunde nzima au zaidi, na mfumo hautumiki tena.

Watengenezaji wa fremuweki, yaani zile programu za msingi ambazo mifumo ya wavuti hujengwa juu yake, walishaamua zamani kutokagua kwa kila ombi. Django ya lugha ya Python, iliyozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ina utaratibu wake wa kukagua mipangilio tangu toleo la 1.7 la mwaka 2014. Mwandishi akiwasha seva ya majaribio kwenye kompyuta yake, ukaguzi unajiendesha wenyewe. Mfumo ukishakuwa kazini ukipokea maombi ya watu, ukaguzi haufanyiki, na nyaraka za Django zinaeleza wazi kwamba ni kwa ajili ya kulinda kasi. Ipo amri ya check yenye nyongeza ya --deploy, inayokagua mambo ya usalama ya seva halisi, ila ni lazima mtu aikumbuke na kuiita. Spring Boot ya lugha ya Java nayo, katika toleo la 2.2 la Oktoba 2019, iliongeza njia ya kuacha sehemu za mfumo zilale mpaka zitakapohitajika, ili mfumo uwake upesi. Nyaraka zake zenyewe zinaonya kwamba kosa la sehemu iliyolala litachelewa kuonekana.

Kwa hiyo wao wamechagua kasi na kutuachia sisi wajibu wa kukagua kabla. Siwalaumu. Tatizo ni kwamba wajibu huo, tangu unapotoka Kansas mpaka kufika Kabuku, haukumwangukia mtu yeyote.

Nawaomba mtazame kwa karibu hali ya PHP, kwa sababu mifumo mingi ninayokutana nayo imeandikwa kwa lugha hiyo, na hapo kanuni moja kwa wote haifai. Mfumo wa Java au wa Python huwashwa mara moja, ukakaa ndani ya seva na kuhudumia maelfu ya maombi. PHP, kwa namna inavyotumika kawaida, huanza upya kwa kila ombi: inaamka, inasoma mipangilio, inajibu, inakufa. Ukimwambia mwandishi wa PHP akague wakati wa kuwaka, umemwambia akague kila ombi, na tumerudi kwenye zile dakika 6. Laravel, fremuweki ya PHP, imelitatua hilo kwa amri ya config:cache, inayokusanya mipangilio yote katika faili moja lililo tayari kusomwa. Baada ya hapo faili la .env, ambalo ndilo fundi amezoea kulihariri, halisomwi tena.

Kasi inapatikana kweli. Lakini mfikirieni fundi wa wilayani. Anafungua .env, anasahihisha anuani ya hifadhidata, anahifadhi, na hakuna kilichobadilika. Anadhani amekosea anuani, anaandika nyingine. Bado. Anabadilisha nywila. Bado. Anagusa mistari mitatu iliyokuwa sahihi. Siku amri ile itakapoendeshwa tena, makosa hayo yote yataingia kazini kwa pamoja. Kuna balaa la pili lililo kimya zaidi: mwandishi akiwa ameisoma .env moja kwa moja kutoka katikati ya programu yake, badala ya kupitia mafaili ya mipangilio, mara tu mkusanyo ukishafanyika anapata thamani tupu. Hakuna onyo lolote. Kwenye kompyuta yake, ambako hajawahi kuiendesha amri hiyo, kila kitu kinafanya kazi.

Basi kwa Laravel mahali pa ukaguzi ni pale pale mipangilio inapokusanywa. Amri inayotengeneza faili la mkusanyo ndiyo ipitie kila mstari, na ikikuta pengo isitengeneze faili. Gharama kwa mgonjwa aliyeko dirishani ni sifuri, kwa kuwa kazi imekwisha kabla hajatoka nyumbani.

Yapo makosa ambayo hata fremuweki yenyewe haiwezi kuyajua, na hayo ndiyo yananinyima usingizi. Chukueni saa za eneo. Laravel ikiachwa kama ilivyotoka hutumia saa za UTC. Django ikikosa kabisa mstari wa saa hushika saa za Chicago, maana ilizaliwa Kansas. Mradi mpya ukiundwa kwa amri yake ya kawaida huandikiwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Mtoto anayezaliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, mfumo unaochukua tarehe kwenye saa yake wenyewe utamwandika amezaliwa saa nne na nusu usiku, Februari. Uzazi wake unaingia kwenye taarifa za afya (MTUHA) za mwezi ambao haukuwa wake. Hakuna 500, hakuna herufi nyekundu, hakuna aliyeambiwa mtandao unasumbua. Takwimu zimepinda tu, na watoto huzaliwa pia kati ya saa sita na saa tisa za usiku.

Mtengenezaji wa Django hawezi kujua kwamba Chicago ni kosa. Kwa anayeishi Chicago si kosa. Anayejua kwamba mfumo wa umma wa Tanzania lazima uwe na Africa/Dar_es_Salaam ni Mtanzania, na ukaguzi huo lazima Mtanzania auandike. Django inaruhusu kuongeza ukaguzi wako mwenyewe kwa mistari michache. Nauliza kwa dhati: kwa nini kila mwandishi auandike peke yake, au asiuandike?

Kosa jingine la kimya ni hali ya majaribio. Mipangilio inayotoka kwenye mazingira ya seva hufika yote kama maandishi. Fundi ameandika False, kuonyesha kwamba hali ya majaribio izimwe. Python ikilipokea neno hilo kama maandishi na kuuliza kama ni kweli au si kweli, jibu ni kweli, kwa sababu kwake maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Mfumo unabaki katika hali ya majaribio huku kila mtu akiamini imezimwa. Siku ukianguka, ukurasa wa kosa unamwonyesha yeyote aliyeko mtandaoni vipande vya programu pamoja na thamani zilizokuwa zikishughulikiwa, na thamani hizo zinaweza kuwa jina la mgonjwa na majibu ya kipimo chake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Neno moja lililosomwa vibaya linatosha kuivunja, na ukaguzi wa mstari huo hauchukui hata milisekunde moja.

Yupo atakayesema: sisi tunakagua, na mfumo ukiona kosa unaandika onyo kwenye kumbukumbu. Onyo halitoshi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikiuza na kununua hisa kwa kompyuta, ilifungua siku ikiwa na programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahauliwa, ikabaki na programu ya zamani. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Wachunguzi wa tume inayosimamia masoko ya mitaji huko walikuta kwamba kabla soko halijafunguliwa, kompyuta za kampuni yenyewe zilishatuma barua pepe 97 zilizotaja tatizo. Mashine iliona, ikaandika, ikaendelea na kazi. Kama kampuni ya New Jersey yenye wataalamu chumba kizima haikuzisoma barua pepe 97, nani atasoma kumbukumbu za seva iliyoko kwenye kabati la stoo Mkata?

Na seva zetu zinawaka mara nyingi. Katika ukumbi wa seva wenye jenereta na betri za akiba, kuwaka upya ni tukio la kupangwa. Kwetu umeme ukikatika mchana na betri ikiisha, seva inazima. Ukirudi, inawaka yenyewe bila mtu kuwepo. Kila kuwaka ni nafasi ya kukagua tuliyopewa bure, katika dakika ambayo hakuna mgonjwa anayesubiri jibu.

Hapa Korogwe utaratibu huu wa kukagua mapema tunaufahamu vizuri kutoka kazi nyingine. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR hapa Korogwe kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S katika awamu ya tatu, kuanzia 2009 hadi 2014, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Jaribio hilo la miaka kadhaa halirudiwi kwa kila mtoto anayeletwa kliniki. Asubuhi na jioni muuguzi anasoma joto la jokofu la chanjo, aone liko kati ya nyuzi 2 na 8. Na kwa kila chupa anatupa jicho mara moja kwenye alama yake, ule mraba mdogo ndani ya duara unaobadilika rangi chupa ikipata joto. Ukaguzi mzito umefanywa mbali na mapema, wa kati unafanywa kwa saa maalumu, na mbele ya mtoto limebaki jicho moja. Foleni inakwenda na usalama haujapunguzwa. Mifumo yetu inastahili mgawanyo huo huo.

Lakini ukali usiokuwa na kipimo nao unaumiza, na hapa nataka nieleweke vizuri. Umeme unaporudi, seva ya programu inaweza kuamka kabla ya hifadhidata. Intaneti inaweza kuwa haijarudi kabisa. Mfumo uliofundishwa kukataa kuwaka kila unapokosa jibu utazima zahanati nzima kwa sababu tu mfumo wa malipo ulioko mbali haujaitika, wakati usajili na dawa vingeweza kuendelea. Huo ungekuwa uonevu mpya kwa jina la umakini.

Kwa hiyo tutenganishe. Lipo kosa linalothibitika kwa kulisoma faili lenyewe na kuitazama seva yenyewe: mstari mtupu, anuani isiyo na umbo la anuani, anuani ya malipo ambayo bado ni ya majaribio, saa za Chicago, ufunguo wa siri uliobaki ule wa mfano, folda isiyoandikika. Hili haliponi kwa kusubiri. Mfumo ukatae kuwaka. Lipo jingine linalotegemea jirani: hifadhidata haijaamka, mfumo wa malipo hauitiki. Hili linaweza kupona lenyewe baada ya dakika mbili. Mfumo usubiri kidogo, ujaribu tena kwa kuongeza nafasi kati ya jaribio na jaribio, uwake ukiwa umefunga sehemu ile tu inayohusika, na uandike juu ya skrini ya karani kwamba malipo hayapatikani kwa sasa, usajili unaendelea. Kumchungulia jirani kufanywe na kazi ya pembeni kila baada ya dakika chache. Ombi la mgonjwa lisome tu jibu lililokwisha kuwekwa. Kazi hiyo hiyo itazame na cheti cha usalama cha tovuti, ambacho kina tarehe ya kwisha iliyoandikwa ndani yake tangu siku kilipotolewa, kwa hiyo hakuna sababu ya kushtukia kimekwisha siku ya gulio.

Ujumbe wa kukataa nao uandikwe kwa ajili ya mtu atakayeusoma. "Mfumo haujawaka. Saa za eneo hazijawekwa. Fungua faili la mipangilio, mstari wa TIMEZONE, andika Africa/Dar_es_Salaam, kisha washa upya." Ujumbe kama huo karani wa Sindeni anaweza kunisomea kwa simu na tukamaliza tukiwa kila mtu yuko alipo. Usionyeshe nywila wala ufunguo, utaje jina la mstari tu. Mwandishi akishindwa kuueleza mstari kwa sentensi mbili, pengine mstari huo haukupaswa kuachwa mikononi mwa wilaya.

Mkurugenzi Mkuu, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 imewapa kazi ya kuweka viwango vya mifumo ya umma na kusimamia vifuatwe. Naomba mtengeneze kifurushi kimoja cha ukaguzi wa Kitanzania kwa Django, kwa Laravel na kwa Spring, chenye yale tunayoyajua sote, na mkiweke wazi ili hata sisi wa zahanati binafsi tukitumie. Naomba pia mfumo usipokelewe mpaka mpokeaji amefuta mstari mmoja mmoja wa mipangilio na kuona kwamba kila mara mfumo umekataa kuwaka, umesema sababu, na uliporudishiwa mstari umewaka. Jaribio hilo linamalizika kwa siku moja ya kazi, na haliongezi hata milisekunde moja kwenye ombi la mwananchi.

Mkitafuta mahali pa kuanzia, tunazo halmashauri nne hapa: Mji na Wilaya ya Korogwe, Mji na Wilaya ya Handeni. Njooni na mfumo mmoja mnaouamini. Tutauzima kwa kuchomoa umeme katikati ya siku, tutauwasha hifadhidata ikiwa bado imelala, tutafuta mistari mbele yenu, na karani wa dirishani ndiye awasomee kilichoandikwa kwenye skrini.

Naomba kuwasilisha.

Mhudumu wa kompyuta na seva,
Korogwe.